Mizani ya Uzito wa Juu: Historia ya Kuwalinganisha Mabingwa wa Enzi Tofauti

Swali la nani alikuwa bondia bora kupita wote katika uzito wa juu lina umri unaokaribia ule wa ubingwa wenyewe, na kila kizazi tangu mwishoni mwa karne ya 19 kimelijibu kwa uhakika ambao kizazi kilichofuata kimeukataa. Kwa kawaida swali hili huulizwa kana kwamba John L. Sullivan, Jack Johnson, Joe Louis, Muhammad Ali na Oleksandr Usyk walicheza mchezo mmoja usiobadilika, na kwamba kazi iliyobaki ni kuwapanga kwa nguvu, kasi na ujasiri. Makala haya yanashikilia kwamba mizani inayotumika kuwapima mabingwa hao nayo ina historia yake: kanuni zimebadilika, kilo zimebadilika, na zaidi ya yote wamebadilika watu walioruhusiwa kupanda ulingoni kuugombea ubingwa, hata ikawa haiwezekani kumsifu bingwa yeyote kwa haki bila kuwataja wale ambao enzi yake iliwafungia mlango.

Kanuni ndizo zinazofaa kutangulia, kwa sababu ndizo zinazoamua pambano ni kitu gani. Chini ya Kanuni za London, zilizotungwa mwaka 1838 na kurekebishwa mwaka 1853, wapiganaji walitumia ngumi tupu, waliruhusiwa kushikana na kuangushana, na raundi haikuwa na dakika maalumu bali ilikwisha pale mmoja wao alipofika chini. Baada ya hapo alipewa sekunde 30 za kupumzika na sekunde 8 za kurudi kwa miguu yake mwenyewe kwenye alama iliyokuwa katikati ya ulingo, na aliyeshindwa kufika hapo ndiye aliyehesabiwa kuwa ameshindwa pambano. Ni kwa utaratibu huo kwamba Sullivan alimshinda Jake Kilrain tarehe 8 Julai 1889 huko Richburg, Mississippi, baada ya raundi 75 zilizochukua zaidi ya saa mbili katika jua la kiangazi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Septemba 1892, Sullivan huyohuyo alisimama New Orleans mbele ya James J. Corbett chini ya Kanuni za Queensberry, ambazo zilikuwa zimechapishwa Uingereza mwaka 1867 na ambazo zilileta glovu, raundi za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja na kuhesabiwa hadi kumi. Corbett alikuwa mwepesi kuliko bingwa kwa kilo 15 hivi, lakini alijua kupiga na kuondoka, na katika raundi ya 21 Sullivan aliangushwa na hakuinuka kwa wakati. Watazamaji wengi waliona kwamba mtu mmoja amemshinda mwingine, ilhali kwa kiasi kikubwa mchezo mmoja ulikuwa umeuondoa mwingine, kwani Corbett hakuwa na sababu yoyote ya kukubali kushikana na kuangushana na mtu aliyemzidi uzito kiasi hicho.

Hakuna mfano unaoonyesha nguvu ya kanuni kwa uwazi zaidi kuliko maisha ya Jack Dempsey, bondia ambaye kanuni moja ilimpa ubingwa na kanuni nyingine ikamnyima nafasi ya kuurudisha. Tarehe 4 Julai 1919 mjini Toledo, Ohio, Dempsey mwenye kilo 85 alikutana na bingwa Jess Willard, aliyekuwa na kimo cha sentimita 199 na uzito wa kilo 111, akamwangusha mara saba katika raundi ya kwanza pekee. Filamu ya pambano hilo ipo, na jambo linalomshtua mtazamaji wa leo si idadi ya maanguko bali mahali alipokuwa Dempsey kila mara Willard alipojaribu kuinuka: alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, wakati mwingine nyuma ya bega lake, akisubiri magoti yaachane na sakafu ili ampige tena, na hakuna refa aliyemfukuza, kwa kuwa kanuni za siku ile hazikumzuia. Miaka minane baadaye, tarehe 22 Septemba 1927 mjini Chicago, Dempsey aliyekuwa ameshapoteza ubingwa alimwangusha Gene Tunney katika raundi ya saba, akabaki amesimama karibu naye kama alivyozoea. Lakini safari hii ilikuwepo kanuni ya kumtaka aliyeangusha aende kwanza kwenye kona isiyo ya yeyote kati ya wapiganaji, na refa hakuanza kuhesabu mpaka Dempsey alipoondoka. Tunney aliinuka hesabu ilipofika tisa, baada ya muda halisi unaokadiriwa kuwa sekunde 13 au 14, akajikusanya, akashinda kwa pointi. Anayemlinganisha Dempsey na bondia wa leo hana budi kuamua kwanza ni Dempsey yupi, wa Toledo au wa Chicago, kwa sababu mtu alikuwa mmoja na michezo ilikuwa miwili.

Urefu wa pambano nao ulikuwa ukipungua. Johnson alipoupoteza ubingwa kwa Willard mjini Havana tarehe 5 Aprili 1915, pambano lilipangwa kuwa la raundi 45 na lilikwisha katika ya 26. Kwa mtu anayejiandaa kwa muda kama huo, kumshikilia mpinzani, kumwegemea na kuhifadhi pumzi ni hesabu ya kazi, wala si uzembe. Baadaye raundi 15 zikawa kipimo cha ubingwa kwa miongo mingi, hadi Novemba 1982, wakati bondia wa uzito mwepesi kutoka Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipofariki siku chache baada ya kupigwa katika raundi ya 14 mjini Las Vegas, na mashirika ya ndondi yakaanza, moja baada ya jingine, kushuka hadi raundi 12. Uamuzi huo ulikuwa wa kiutu na hakuna anayepaswa kuujutia. Hata hivyo unabaki ukweli kwamba Rocky Marciano alimwangusha Jersey Joe Walcott na kuwa bingwa mwaka 1952 katika raundi ya 13, huku akiwa nyuma kwa pointi, na kwamba Louis alimwangusha Billy Conn mwaka 1941 katika raundi ya 13 vilevile, naye akiwa nyuma. Kwa kanuni za leo, Walcott angebaki bingwa na Conn angeutwaa ubingwa, na majina mawili makubwa yangesimuliwa kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu uzito, neno lenyewe limewapoteza wengi. Uzito wa juu ni daraja lisilo na kikomo upande wa juu, kwa hiyo maana yake hutegemea mahali lilipowekwa daraja la chini yake, na hapo pamehamishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1979 Baraza la Ndondi la Dunia (WBC) lilianzisha uzito wa kruza, yaani daraja lililowekwa kati ya uzito wa juu na lile lililokuwa likiufuata, likiwa na kikomo cha kilo 86, kisha kikomo hicho kikapandishwa mwanzoni mwa karne hii hadi kilo 90.7. Marciano alikuwa na kilo zipatazo 83.5 siku alipotwaa ubingwa. Dempsey 85 alipomwangusha Willard. Louis 90 na kidogo usiku wa tarehe 22 Juni 1938 alipomwangamiza Max Schmeling kwa sekunde 124. Wote watatu wangehesabiwa leo kuwa wa uzito wa kruza kwa kipimo cha kilo peke yake. Mwaka 2020 baraza hilohilo likaongeza daraja jingine katikati, lenye kikomo cha kilo 101.6, na matokeo yake ni kwamba Ali na George Foreman walivyopimwa Kinshasa mwaka 1974, mmoja akiwa na kilo 98 na mwingine takribani 100, wangeingia humo wote wawili.

Wapo wanaokata shauri kutokana na takwimu hizo kwamba mabingwa wa zamani wasingefua dafu mbele ya majitu ya sasa, kama Tyson Fury mwenye kimo cha sentimita 206. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa bondia mrefu aliyefundwa vizuri kutumia konde la mbele la mkono wa kushoto, kama alivyokuwa Wladimir Klitschko katika utawala wake wa tangu 2006 hadi 2015, humweka mpinzani mfupi mbali kabisa na mahali anapoweza kupiga. Lakini rekodi za ulingoni haziiungi mkono moja kwa moja. Willard alikuwa jitu na aliangushwa mara saba. Nikolai Valuev wa Urusi, mwenye kimo cha sentimita 213, alishindwa mwaka 2009 na David Haye, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye kwa kilo 45 hivi. Na tarehe 18 Mei 2024 mjini Riyadh, Usyk wa Ukraine, aliyekuwa ameanzia kwenye uzito wa kruza, alimshinda Fury akiwa na kilo zipatazo 101 dhidi ya 119. Kimo na kilo ni mtaji, na kama mtaji wowote vinahitaji mtu anayejua kuvitumia.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo yakiwekwa kando ya dhuluma iliyoharibu ulinganisho wa nusu nzima ya historia hii. Sullivan alitangaza waziwazi kwamba hatapigana na mtu mweusi, na kwa tangazo hilo alimwepuka Peter Jackson, bondia aliyezaliwa katika visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark na aliyekulia kimchezo nchini Australia. Jackson alikuwa wa kiwango gani linajulikana, kwa sababu tarehe 21 Mei 1891 mjini San Francisco alipigana na Corbett kwa raundi 61 hadi refa akalisimamisha pambano bila mshindi; mwaka uliofuata Corbett akapewa nafasi ya kuutwaa ubingwa, na Jackson hakupewa kamwe. Johnson, naye mweusi, alilazimika kumfuata bingwa Tommy Burns hadi Sydney, ambako polisi waliingilia pambano katika raundi ya 14 tarehe 26 Desemba 1908 ili Burns asiumizwe zaidi. Na alipomshinda pia mzungu James J. Jeffries, bingwa wa zamani, mjini Reno tarehe 4 Julai 1910, magenge ya wazungu yaliwashambulia watu weusi katika miji mingi ya Marekani, wakauawa watu. Mwaka 1912 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzuia filamu za ndondi zisisafirishwe kutoka jimbo moja hadi jingine, sheria iliyodumu hadi 1940, na ambayo lengo lake kubwa lilikuwa kuwazuia watu wasimwone mtu mweusi akimpiga mzungu.

Johnson mwenyewe hakuwa msafi katika jambo hili. Akiwa bingwa hakumpa nafasi Sam Langford, mzaliwa wa Nova Scotia nchini Kanada, mfupi mwenye kimo cha sentimita 170 hivi, ambaye alianza katika uzani mdogo na kupanda daraja baada ya daraja mpaka akawapiga watu wakubwa kuliko yeye, na ambaye alimaliza maisha yake akiwa kipofu bila kugombea hata mara moja ubingwa wa uzito wa juu. Baada ya Johnson kushindwa mwaka 1915, mlango ulifungwa tena kwa mabondia weusi kwa miaka 22, hadi Louis alipomwangusha James Braddock mwaka 1937. Katika muda huo Harry Wills, aliyehesabiwa kwa miaka kadhaa kuwa mpinzani aliyestahili zaidi, aliahidiwa pambano na Dempsey lisilofanyika. Langford na Wills, kwa kukosa wa kupigana nao, walipigana wao kwa wao zaidi ya mara 15. Mwandishi anayempanga Dempsey katika mabingwa watano wakuu wa wakati wote anapaswa kuyaandika majina hayo mawili pembeni ya jina lake, kwa sababu ubingwa usiopiganiwa na aliye bora baada yako ni ubingwa wenye deni.

Kufungiwa mlango hakukuwa kwa rangi pekee. Kuba ilipiga marufuku ndondi za kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Teófilo Stevenson, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972, 1976 na 1980, aliyakataa mamilioni ya dola aliyoahidiwa ili ajiunge na ndondi za kulipwa na kukutana na Ali. Mabondia wa Umoja wa Kisovyeti nao walibaki nje hadi dola hiyo ilipokaribia kuvunjika. Ali aliwashinda waliokuwepo, nao walikuwa wengi na hodari, lakini akina Klitschko na Usyk wa kizazi chake hawakuwepo kwenye orodha ya wapinzani.

Ikiwa mizani imekuwa ikihamishwa hivi, inafaa kutazama walioishika. Chombo cha kwanza kilikuwa filamu. Pambano la Corbett na Bob Fitzsimmons la tarehe 17 Machi 1897 huko Carson City, Nevada, lilirekodiwa na kuonyeshwa katika filamu iliyopita saa moja na nusu, na tangu hapo bingwa aliyekufa aliweza kutazamwa na wasiozaliwa. Filamu hizo, hata hivyo, ni shahidi anayehitaji kusikilizwa kwa uangalifu: kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono na kupiga picha chache kwa sekunde kuliko zinazoonyeshwa na mitambo ya baadaye, hivyo zikionyeshwa bila kusahihishwa kasi, mabondia hurukaruka kama vikaragosi na makonde yao huonekana hayana uzito. Wengi waliomdharau Johnson walikuwa wakiudharau mtambo. Waliojua kutazama walijifunza mengi, na miongoni mwao ni Mike Tyson, aliyelelewa kimchezo na kocha Cus D'Amato na kuzamishwa tangu ujana katika hazina ya filamu iliyokusanywa na Jim Jacobs na Bill Cayton. Alipokuwa bingwa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 20, Tyson alikuwa akiingia ulingoni na bukta nyeusi, bila joho na bila soksi, kwa kuwaiga kwa makusudi watu wa enzi ya Dempsey.

Chombo cha pili kilikuwa orodha, na mwenye orodha aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa Nat Fleischer, aliyezaliwa mwaka 1887 na kuanzisha jarida la The Ring mwaka 1922. Katika orodha aliyoichapisha mwaka 1958, nafasi tano za mwanzo zilikwenda kwa Johnson, Jeffries, Fitzsimmons, Dempsey na Corbett; Louis alikuwa wa sita na Marciano wa kumi, na hadi Fleischer alipofariki mwaka 1972 hakumwingiza Ali katika kumi bora. Johnson alikuwa bingwa wakati Fleischer ana miaka 21. Si lazima kumtilia shaka mzee huyo aliyeona mengi. Inatosha kutambua kwamba mtu huwaweka juu mashujaa aliowaona akiwa kijana, na kwamba waliowapanga Ali na Louis juu kabisa baada yake walikuwa nao na ujana wao.

Kompyuta ililetwa ili kuuondoa upendeleo huo. Mwaka 1967 mtangazaji Murray Woroner wa Miami aliendesha redioni mashindano ya kubuni ya mabingwa 16, ambamo mashine ilipewa tarakimu za kila bondia na kutoa matokeo raundi kwa raundi. Marciano alimshinda Dempsey katika fainali, na Ali akatolewa mapema na Jeffries, jambo lililomfanya afungue kesi. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano, na kutokana nayo likatokea pambano la filamu: mwaka 1969 Ali, mwenye miaka 27 na aliyezuiwa kupigana kwa sababu ya kukataa kujiunga na jeshi, na Marciano, mwenye miaka 45, aliyejipunguza kilo nyingi na kuvaa nywele za bandia, walirekodiwa katika studio huko Miami wakiigiza raundi nyingi fupi na miisho mbalimbali, bila yeyote kati yao kuambiwa ni upi utakaochaguliwa. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akishinda kwa kumwangusha Ali katika raundi ya 13, na Ulaya ikaonyeshwa mwisho ambamo Ali ndiye mshindi. Marciano hakuona wowote, kwani alikuwa amekufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969. Kasoro ilikuwa katika tarakimu zenyewe: zilitokana na maoni ya waandishi na wataalamu wa ndondi, na maoni yakigeuzwa tarakimu hayaachi kuwa maoni. Tofauti kati ya mashine hiyo na ile ya mwaka 2024 ni kubwa: Usyk na Fury waliporudiana mwezi Desemba, mtambo wa akili mnemba ulipewa kazi ya jaji asiye rasmi, ukampa Usyk pointi 118 kwa 112 pale ambapo majaji watatu wa kibinadamu walimpa 116 kwa 112, lakini wenyewe ulikuwa na makonde halisi ya kuhesabu.

Kuna ushahidi mmoja wa kweli wa vizazi kukutana, nao ni mapambano ambamo bingwa wa jana alisimama mbele ya bingwa wa leo. Mengi yake ni ya kusikitisha: Jeffries alirudi baada ya miaka mitano ya kulima na kunenepa, Louis, mwenye miaka 37, alisukumwa nje ya kamba na Marciano tarehe 26 Oktoba 1951, Ali alipigwa raundi kumi mwaka 1980 na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenza wake wa mazoezi, naye Holmes akaangushwa na Tyson mwaka 1988. Mapambano hayo yalithibitisha uzee tu.

Moja lilikwenda kinyume. Foreman alikuwa na miaka 25 na rekodi ya ushindi 40 bila kushindwa alipopanda ulingoni Kinshasa, saa 10 alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa Mei 20, na kuangushwa na Ali katika raundi ya nane baada ya kuzimaliza nguvu zake juu ya mtu aliyeegemea kamba. Tarehe 5 Novemba 1994 mjini Las Vegas, akiwa na miaka 45, alikutana na bingwa Michael Moorer, aliyekuwa na miaka 26, yaani mtoto wa kuzaa. Alivaa bukta nyekundu ileile aliyoivaa Kinshasa, na kwenye kona yake alikuwepo Angelo Dundee, mtu yuleyule aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku ule. Kwa raundi tisa Moorer alimpiga anavyotaka na kuongoza kwa majaji wote. Katika ya kumi Foreman alitupa konde la kulia, lililosafiri masafa mafupi tu, likamfika Moorer kidevuni, na refa akahesabu hadi kumi. Foreman aligeuka, akaenda kwenye kona yake na kupiga magoti.